Gari la hybrid, milima ya Mwanza, na asubuhi niliyomkatalia mjomba kuweka free

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Mimi humu jukwaa la magari huwa nakuja kusoma tu. Sijawahi kuanzisha uzi. Ni mtu wa aibu, hata kwenye group la familia huwa naweka dole gumba napita. Leo nimejikaza kwa sababu niliyojifunza nimejifunza kwa shida, na naona kuna watu wananunua hybrid kila siku na kufanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Nitakayoandika yamenitokea mwenyewe. Mwenye gari yupo hai na simu anayo, nikiongeza uongo ataniuliza kesho asubuhi.

Elimu yangu ni darasa la saba na naandika taratibu. Uzi huu umechukua siku nne, naandika nikiwa nasubiri mzigo. Mnivumilie.

Nipo Mwanza, nakaa Kiseke. Kabla ya kazi hii nilikuwa naosha magari kule ufukweni Igombe. Kuosha gari la mtu kunakufundisha mambo mengi kuhusu magari, isipokuwa kuliendesha. Kuendesha nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa pickup yake ya zamani. Nitamwita mjomba Masanja, sio jina lake.

Mjomba aliendesha lori la pamba miaka mingi. Magu, Kwimba, anazoa pamba vijijini anapeleka kinuni. Sasa kapumzika, mgongo umemchosha, hawezi kukaa kwenye usukani zaidi ya nusu saa. Lakini ukitaka kumuudhi, mwambie kuna kitu cha barabarani hakijui.

Jirani yake ni mama mmoja wa Kagera ambaye mtaani tunamwita Ma Koku. Ma Koku anapika keki. Za harusi, za kipaimara, za send-off, za watu wanaostaafu. Zamani mjomba ndiye alikuwa anampelekea keki zake kwa gari lake. Mgongo ulipogoma, mwanae Ma Koku anayekaa Dodoma akamnunulia mama yake kigari kidogo cheupe cha hybrid. Mjomba akamwambia Ma Koku, dereva ninaye, ni mpwa wangu, nimemfundisha mwenyewe.

Ndivyo nilivyopata kazi. Kwa neno la mjomba. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye.

Kwa wasiojua hybrid, nieleze kidogo. Gari lina injini ya petroli kama kawaida, na lina betri kubwa nyuma na mota ya umeme. Ukiwa taratibu, linaweza kwenda kwa umeme peke yake, injini imezima. Ukikanyaga zaidi injini inaingia. Hulichomeki ukutani. Betri linajichaji lenyewe barabarani.

Ma Koku alilipendea jambo moja: AC yake inafanya kazi hata injini ikiwa imezima. Jua la Mwanza mnalijua. Keki yenye krimu ukiiweka nyuma bila AC, unafika Igoma umebeba uji.

Katikati ya dashibodi kuna skrini. Inaonyesha picha ya injini, betri na matairi, na mishale inayotembea kati yake. Maandishi yote ni ya Kijapani. Nilivyoona hivyo moyo ulitulia kidogo, kwa sababu pale mtu wa digrii na mimi wa la saba tulikuwa dawati moja.

Sasa tuje kwenye shida.

Mwanae Ma Koku alimwambia gari hilo linakwenda kilomita zaidi ya ishirini kwa lita moja. Letu lilikuwa linakwenda kumi na tatu. Tulipima full kwa full, yaani unajaza tenki mpaka pampu inakata, unatembea, unarudi kwenye sheli ile ile, unajaza tena mpaka inakata, unagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Kumi na tatu. Tukarudia. Kumi na tatu na pointi kidogo.

Gari la mjomba, bovu, la mwaka wa zamani, linakwenda kumi na moja.

Ma Koku akapeleka gari kwa fundi, akaambiwa betri limekufa, atafute lingine. Akamuuliza bei, akarudi nyumbani. Kesho yake akaniita.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba gari limekuwa kama mgeni anayekula kuliko wenyeji, na kwamba kuna mtu wa ofisini pale Nyamagana ameliulizia. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Likiendelea hivi anauza, anarudi kukodi.

"Wewe sio mbaya, baba," akaniambia. "Ila mimi siwezi kupikia gari."

Wakuu, leseni yangu ilikuwa na miezi mitano. Nani angenipa gari lingine? Ningerudi kushika ndoo, na kila mtu Kiseke angesema gari la mama wa watu limemshinda mpwa wa Masanja mpaka likauzwa. Usiku ule niliamua kwamba kama betri limekufa kweli, basi life mikononi mwangu nikiwa nimelielewa.

Nikanunua daftari dogo la mistari, lile la shule. Kila nikipeleka keki na kusubiri mteja atoke, nachora mishale niliyoiona kwenye skrini. Kupanda mlima, mshale unatoka wapi unakwenda wapi. Foleni, vile vile. Siandiki haraka lakini kuchora nachora vizuri.

Hapa lazima nieleze jinsi nilivyofundishwa kuendesha.

Mjomba enzi za lori, tajiri alikuwa anawapimia dizeli ya safari. Ikibaki kwenye tenki, ni ya dereva. Kwa hiyo madereva wote wa pamba walikuwa na mchezo mmoja: ukifika mteremko, weka free, yaani toa gia. Gari linateremka lenyewe, injini inanguruma polepole, dizeli inabaki. Mjomba alikuwa anajua mteremko gani unaanza wapi na utakupeleka mpaka mti gani. Kwake dereva anayeshuka mlima na gia ni mtu anayemwaga mafuta barabarani.

Akanifundisha hivyo hivyo. Mteremko, free. Foleni imesimama, free. Nikawa mzuri sana. Mwanza ni milima mitupu, nafasi za kuweka free hazikosi.

Na mjomba alikuwa anapanda na mimi karibu kila asubuhi. Anakaa kiti cha mbele mpaka Nyamagana, pale ana kijiwe na madereva wenzake wastaafu. Tukifika pale barabara inapoanza kushuka kutoka Kiseke kwenda Pasiansi, anagonga gia kwa kidole kimoja. Hasemi kitu. Mimi naweka N, ndiyo free ya gari hili.

Ma Koku akiwa nyuma na keki zake alikuwa anamtania. Anasema ninyi Wasukuma mkiachiwa, hata ng'ombe mtamweka free. Mjomba anamjibu kwamba Wahaya ndio wanapenda gari lisilonguruma, ili watu wadhani linavutwa na sifa zao. Walikuwa wanachekana mpaka Pasiansi.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwa peke yangu.

Nilipeleka keki Bugando, kule juu mlimani, ya muuguzi anayestaafu. Mteja akaikataa. Sio kwamba ni mbaya, sherehe ilikuwa imesogezwa mpaka jioni, akaniomba niirudishe nyumbani isije ikaharibika. Keki ya ghorofa tatu, wakuu. Nimeshapanda nayo kwa kuomba Mungu, sasa natakiwa kushuka nayo.

Nikaogopa kuweka free. Ukiwa free gari linakimbilia chini, unalikamata kwa breki, keki inaruka. Nikaiacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, nikatoa mguu kabisa kwenye mafuta, nikawa nabonyeza breki kidogo sana, kama unakanyaga yai.

Nikatupa jicho kwenye skrini. Mshale ulikuwa unatoka kwenye matairi unaingia kwenye betri. Mshale wa kijani. Sikuwahi kuuona huo.

Betri kwenye skrini lilikuwa na vijiti viwili vya chaji wakati nipo juu. Nafika chini, vijiti sita.

Nikapaki pembeni. Nikatoa daftari nikatafuta kurasa zote nilizochora mteremko. Kurasa saba. Zote saba nilikuwa nimechora mteremko bila mshale wowote. Nilikuwa nadhani nimesahau kuchora. Kumbe mshale haukuwepo, kwa sababu zote saba nilikuwa free.

Mafundi wa humu mtanisahihisha, lakini nilivyoelewa mimi ni hivi. Hybrid ikiwa kwenye D na umetoa mguu, matairi yanazungusha mota na mota inatengeneza umeme, unarudi kwenye betri. Breki ukiibonyeza pole pole, vile vile. Ukiweka N, umekata. Matairi yanazunguka bure. Mbaya zaidi, kwenye foleni ukiwa N na AC inawaka, betri linatoa tu, haliingizi kitu. Ukija kuondoka betri limeisha, injini inabeba gari na inabeba deni la betri.

Betri halikuwa limekufa. Nilikuwa nalinyima chakula kila mteremko, tena kwa ustadi.

Basi ningemwambia mjomba siku ile ile, si ndiyo?

Sikumwambia.

Asubuhi iliyofuata kapanda, kagonga gia kwa kidole, mkono wangu ukaweka N. Nikajisemea nitamwambia kesho. Kesho yake hivyo hivyo. Nikatengeneza utaratibu wa kijinga: mjomba akiwemo naendesha ya mjomba, akishuka Nyamagana naendesha yangu. Gari moja, madereva wawili, wote mimi.

Hizo saa za peke yangu nilizitumia vizuri. Naomba niweke hapa niliyoyapata, labda yatamsaidia mtu.

Kuondoka, usinyate mno. Nilikuwa nadhani kukanyaga kama paka ndiyo kubana mafuta. Ukinyata muda mrefu injini inakaa imewaka muda mrefu. Mimi naondoka kwa nguvu ya wastani mpaka spidi ya hamsini hivi, natoa mguu kabisa, injini inazima, kisha narudisha mguu kidogo sana, gari linateleza kwa umeme. Likipungua, narudia.

Angalia mbali. Ukiona taa nyekundu au tuta, toa mguu mapema. Breki ya ghafla inakula umeme ambao ungeupata kwa breki ya pole pole. Bajaji watakuchomekea, waache.

Mlima, jipange kabla hujaufikia. Usianze kupanda betri likiwa na kijiti kimoja.

Matairi yangu ya nyuma yalikuwa laini, nikayajaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

Na kuna mkuu mmoja humu, sijui kama bado yupo, aliandika kwenye uzi wa mtu mwingine kwamba pembeni ya kiti cha nyuma kuna kidirisha kinachovuta hewa ya kupoza betri, kisizibwe. Nikaenda kuangalia. Ma Koku ametandika kitambaa chake cheupe cha kufuma kiti kizima, ili maboksi ya keki yasichafuke. Kimefunika kidirisha chote. Nikakikunja upande ule nikakibana na pini. Ndani kulikuwa na vumbi na unga wa sukari. Nikakisafisha kwa mswaki. Mkuu popote ulipo, ubarikiwe.

Full kwa full iliyofuata ilitoa kumi na sita.

Ma Koku akasema afadhali, lakini kumi na sita sio ishirini, na yule mtu wa Nyamagana amepiga simu tena. Anakuja Jumamosi kulijaribu gari na akilipenda analichukua. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilijua kabisa kumi na sita imetoka wapi. Nusu ya kilomita zile mjomba alikuwa kiti cha mbele.

Usiku wa Jumatano nilikaa na daftari nikafanya uamuzi. Alhamisi asubuhi najaza tenki. Ijumaa jioni najaza tena. Siku mbili hizo siweki N hata mara moja, awepo mjomba, awepo nani. Nilifanya mazoezi ya kusema kwa sauti chumbani. Mjomba, naomba leo tusiweke free. Chumbani ilitoka vizuri sana.

Alhamisi. Nimejaza tenki. Mjomba kiti cha mbele, Ma Koku nyuma na keki ya kipaimara mapajani, maboksi mengine pembeni yake. Wanataniana kama kawaida. Tukafika pale barabara inapoanza kushuka.

Mjomba akagonga gia kwa kidole.

Sikuweka. Akagonga tena.

"Weka free."

"Mjomba, leo hapana."

Akanigeukia. "Hapana nini?"

"Siweki free, mjomba. Hii gari ikiwa free haichaji. Nimeiangalia."

Ma Koku akaacha utani wake akashika keki vizuri. Nilisikia mpaka boksi likisugua kiti.

"Nani kakufundisha kuendesha?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi weka free."

Wakuu, mkono wangu uliondoka kwenye usukani ukaenda wenyewe mpaka kwenye gia. Umezoea kumtii kuliko mimi. Niliuona umeshika pale. Nikauondoa nikaurudisha kwenye usukani, nikashika kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.  Ningesema neno lingine ningelia, na sitanii.

Tulishuka mteremko mzima kwenye D. Mshale wa kijani ukawaka muda wote, sikumwonyesha, sikuwa na nguvu hiyo.

Tulipofika Pasiansi mjomba akasema, "Nishushe hapo." Nikasimama. Akashuka kwa shida ya mgongo wake, akafunga mlango taratibu sana. Angeubamiza ningejisikia nafuu. Nikamwona kwenye kioo anaita bajaji.

Nilibaki nimesimama. Ma Koku akasema, "Endesha, baba. Krimu haisubiri walionuniana."

Nikaendesha. Siku ile na Ijumaa yake niliendesha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikufurahia hata kilomita moja. Nyamagana, Igoma, nikarudi Pasiansi, nikapanda Bugando tena. Ijumaa asubuhi mjomba hakuja. Nilisubiri getini kwake dakika kumi, shangazi, yaani mke wake, akatoka akaniambia ameshaondoka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Ijumaa jioni Ma Koku akaja na mimi sheli, alitaka kuona kwa macho yake. Dada wa sheli akaingiza pampu. Ikakata mapema. Nikamwambia dada jaribu tena, labda ni povu. Ikakata tena hapo hapo.

Lita tano. Kilomita mia moja na kumi na moja.

Ma Koku akapiga hesabu kwenye simu, akafuta, akapiga tena. Ishirini na mbili. Akamuuliza dada kama pampu yake ni nzima, dada akaona anatukanwa, ikabidi tumwombe radhi.

Ndani ya gari Ma Koku akampigia yule mtu wa Nyamagana. Salamu ndefu za Kihaya kwanza, kumbe ni mtu wa kwao, kisha akamwambia kwa Kiswahili kwamba asijisumbue kesho, gari limepona. Akakata simu. Mimi nikawa nasubiri aseme kitu kizuri.

Akasema, "Sasa nipitishe kwangu, halafu uende kwa mjomba wako. Usiende na gari. Nenda kwa miguu."

Nikaenda.

Mjomba alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage ya shangazi. Nikatoa shikamoo. Marahaba ilichukua muda kutoka. Hakuniambia nikae, nikachuchumaa.

Nikamwambia gari limefika ishirini na mbili na Ma Koku hauzi. Akasema ni vizuri. Nikamweleza habari ya mshale, mota, betri, yote. Anachambua maharage. Nilivyomaliza akaniuliza swali ambalo sikulifanyia mazoezi.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu sasa, mjomba."

"Na hizo wiki tatu nikigonga gia ulikuwa unaweka free."

"Ndiyo."

"Ukijua unaharibu."

"Ndiyo, mjomba."

Akaacha maharage. "Nimekosea gari, hilo ni gari tu. Lori la pamba halikuwa na betri la kulisha. Lakini wewe ulikuwa unaniona mjinga kila asubuhi, na unaniendesha hivyo hivyo mpaka kijiweni. Yule mama naye angeuza gari lake wewe unanichekea."

Sikuwa namchekea, wakuu. Nilikuwa namheshimu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nikisema nitakuwa nadanganya kidogo. Nilikuwa naogopa, na woga wangu nikauita heshima.

Nikamwambia nisamehe. Akanisogezea nusu ya maharage, tukachambua mpaka giza. Kwa mjomba huko ndiko kusema amenisamehe.

Jumamosi, badala ya mnunuzi, aliyekuja kulijaribu gari ni mjomba. Kavaa kofia yake. Akasema nimpeleke Pasiansi na anataka kuona huo mshale ninaouimba.

Nilishuka na D. Akatazama skrini mpaka chini hajapepesa. Akasema rudi juu. Tukashuka tena, safari hii akaniamuru niweke free. Nikamwangalia. Akasema weka, naangalia. Nikaweka. Mshale ukapotea. Akasema rudi juu. Tulishuka ule mteremko mara nne, mama mmoja anayeuza nyanya pembeni ya barabara akaanza kutupungia mkono.

Mara ya nne akasema, "Hii gari ina dini yake." Kisha akaniuliza kwa nini kibao cha gia kina herufi B na inafanya nini. Nikamwambia sijui vizuri. Akanikazia macho kuona kama namficha. Nikamwambia kweli sijui, mjomba, nikijua nitakwambia siku hiyo hiyo.

Gari lake mwenyewe bado anashuka nalo free. Nimemwambia na lenyewe sio salama, breki zikichoka kwenye free huna kinachokusaidia. Nimemwambia waziwazi, mezani, shangazi akiwepo. Amesema amesikia. Hajaacha, lakini nimemwambia.

Wiki iliyopita alinipigia simu nije kijiweni kwao Nyamagana. Nikadhani anaumwa. Nimefika nakuta wastaafu wenzake kama wanne wamesimama wamezunguka gari la hybrid, limenunuliwa na mkwe wa mmoja wao, analalamika linakunywa mafuta. Mwenye gari ni mtu mzima, ana shati la ofisini na tai.

Mjomba akamwambia yule bwana, mimi nimeshakuonyesha kosa lako, sababu atakueleza huyu. Kisha akafungua mlango wa nyuma akaingia yeye, akaniachia kiti cha mbele.

Miaka yote sijawahi kumwona mjomba akikaa nyuma kwenye gari.

Nilieleza, wakuu. Nilieleza yote, mteremko wa kwanza mpaka wa mwisho.

Nilichojifunza kuhusu hybrid nimeshaandika hapo juu. Acha kwenye D, toa mguu mapema, breki pole pole, usizibe hewa ya betri, pima full kwa full usisikilize maneno. Kabla hujanunua betri jipya kwa maneno ya fundi mmoja, jiangalie kwanza unavyoendesha.

Kuhusu mimi, nimejifunza kwamba mkubwa wako ukimjua anakosea ukaendelea kumfurahisha, siku akijua, kitakachomuuma sio kosa lake, ni huko kumfurahisha kwako. Ningesema siku ya kwanza pale Bugando, ingekuwa kikombe kimoja cha chai na tumemaliza.

Sasa zamu yenu. Wenye hybrid mnaokaa kwenye milima, iwe Mwanza, Mbeya au Lushoto, ile B mnaitumia wakati gani? Betri likijaa katikati ya mteremko injini yangu inaunguruma yenyewe, mwingine kaniambia ni kawaida, mwingine kaniambia nilipeleke kwa fundi. Anayejua aandike kwa maneno mepesi, nasoma taratibu ila nasoma yote. Na kama kuna mahali nimekosea hapo juu, niambieni tu bila kunionea aibu, mjomba naye anasubiri majibu.